Muulize Fundi: Massey la zamani na mashine ya theluji

SWALI: Fundi salamaleku. Mi niko Ganda hapa Malindi, nna Massey Ferguson 135 aliyoniachia marehemu baba, nalimia watu toka huku mpaka Kakuyuni. Sasa shemeji yangu, mume wa dadangu, wako Kanada miaka mingi, kanunua kijishamba na ndani ya banda kakuta Massey kama hii yangu, 135 ya dizeli. Njia ya kutoka kwake mpaka barabarani ni ya changarawe, theluji ikishuka inafunga kabisa. Anataka ile mashine inayofungwa nyuma ya trekta inakokota theluji na kuirusha pembeni, kaona moja ya mtumba, ya futi saba, bei nzuri. Kanipigia ati "wewe ndo mwenye Massey, niambie itaweza?" Mi barafu ninayoijua ni ya kuwekea samaki. Nimwambie nini nisiaibike?
B., Ganda

JIBU: Waaleikum salaam B. Usione haya, hata mi theluji sijaikanyaga, lakini hiyo ni mashine ya PTO (kile kishafti cha nyuma ya trekta kinachozungusha mashine) kama slasha yako ya kufyekea majani, tofauti ni inachotafuna tu. Mbele ina parafujo kubwa limelala kama lile la ndani ya mashine ya kusaga nyama, linaleta theluji katikati, hapo kuna feni nzito ya chuma inaipiga na kuirusha kupitia bomba lililopinda juu. Na kwa sababu iko nyuma, trekta linaingia kwenye theluji kinyumenyume. Hilo la kinyumenyume lishike, ndo kila kitu.

Watu wakiwa na trekta la zamani swali la kwanza ni hosipawa. Mi naanza na klachi. Nilipokuwa kijana tulikuwa tunafyeka chini ya miembe kule Gede na kitrekta cha klachi moja (jina la kampuni siitaji), nikaona shina linakuja nikakanyaga klachi mpaka chini, trekta lisisimame! Lilikwenda tu kama mtu kalisukuma, likasimama limeshalala na mti. Injini nilikuwa nishaitenga kwa klachi, ila kwenye matrekta ya aina hiyo PTO inatoka kwenye giaboksi, na ile panga nzito ya slasha ilikuwa bado inazunguka, sasa ikawa yenyewe ndo inaendesha giaboksi na giaboksi inaendesha magurudumu. Dawa yake ni kile kidude kinachovaliwa kwenye shafti ya PTO kinachofanya kazi kama frihwili ya baiskeli, ukiacha kukanyaga pedali gurudumu linaendelea lakini halikurudishii nguvu mguuni. Feni ya theluji nayo ni nzito vilevile.

Sasa 135 zilitoka za aina mbili, klachi moja na dabo. Dabo ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama lakini PTO inaendelea, ukimaliza mpaka chini vyote vinasimama. Mwambie shemeji asifunge kitu nyuma, aiwashe, gia iwe nyutro, aingize PTO, halafu akanyage klachi polepole huku mtu amesimama mbali anaangalia kile kishafti. Kama nusu pedali inakuwa nzito na kishafti bado kinazunguka, hapo alhamdulillahi. Kikisimama pale pale nusu njia basi ni klachi moja, au ni dabo iliyolegea ya kuadjastiwa. Frihwili itamwokoa asisukumwe lakini haitamsaidia hii nyingine: anarudi nyuma, theluji imejaa mdomoni, anataka magurudumu yasubiri kidogo mashine imeze, akikanyaga klachi na feni inasimama, theluji inashindiliwa ndani ya bomba, basi ashuke achokoe, apande, aanze tena, na yote hayo kwenye baridi ile.

Na kwenye 135 lever ya PTO ina upande wa injini na upande wa magurudumu. Asije akaweka wa magurudumu, manake huo unafuata mwendo wa tairi, akirudi nyuma parafujo nalo litazunguka kinyume!

La pili ni spidi. Mashine hizo zinataka mizunguko 540 kwa dakika kwenye PTO, yani mafuta yako juu muda wote, kwenye saa ya RPM kuna alama yake. Sisi tukilima tukiona kazi nzito tunapunguza mafuta tuende pole, huko hairuhusiwi, ukipunguza feni inapoa na bomba linaziba. Kwa hiyo pole unaipata kwenye gia tu, na 135 rivasi yake ya chini bado ni mwendo wa mtu anayetembea taratibu, kwa theluji nyembamba sawa, ikiwa ya kufika magotini ni kasi sana. Kama lake lina Multi-Power, ile nyongeza ya gia yenye juu na chini, aiweke chini, inasaidia. Kama halina, ndo hapo nasema dabo klachi si anasa.

Sasa futi saba. Hapana. Ile injini yake ya Perkins ya silinda tatu ikiwa nzima inatoa kwenye PTO kama hosipawa 37 hivi, na hesabu inayotumika kwa mashine hizi ni hosipawa 5 mpaka 7 kwa kila futi ya upana. Futi sita ndo mwisho wake, na hilo ni trekta la miaka 50 sijui limechoka vipi ndani, kwa hiyo kama theluji ya kwao ni ile ya majimaji, nzito kama uji wa mtama ulioganda, mi ningechukua tano. Ila apime kwanza toka ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma mpaka ukingo wa nje wa nyingine, mashine isiwe nyembamba kuliko hapo, la sivyo tairi zitapanda juu ya theluji ambayo haijatolewa. Zikizidi kidogo rimu za Massey zinageuzwa kuingia ndani, wewe hilo unalijua.

Pini za mikono ya nyuma za 135 ni milimita 22. Mashine kubwa nyingi zinakuja na za 28, hilo ni la kubadilisha pini, lisimtishe.

Ninachokiogopa zaidi ni changarawe. Chini ya mashine kuna viatu viwili vya chuma, avishushe ili mdomo uinuke sentimita mbili tatu usile mawe. Jiwe likiingia kuna bolti laini iliyowekwa makusudi ikatike kabla giaboksi halijavunjika, anunue nyingi aweke mfukoni. Nakujua B, na nawajua mafundi wetu wa hapa Malindi, bolti ikikatika mara mbili tunatafuta ngumu ya gari tunaikaza "isikatike tena". Asifanye hivyo. Wewe pia kwenye slasha yako.

Tairi za nyuma wewe umetia maji ya bomba uzito uongezeke, yeye akitia maji matupu yataganda, huko wanatia maji yenye kalisiamu kloraidi.

Na mdomo ukiziba asitie mkono, hata kama feni imesimama. Azime injini, achokoe kwa mti. Mizunguko 540 ni mara tisa kila sekunde, skafu ya shingoni ikishikwa na shafti isiyo na kava hakuna wa kuwahi.

Shingo nayo itamuuma, kutwa umegeuka nyuma. Zipo zingine mdomo umegeuzwa kuangalia mbele, trekta linakwenda mbele zenyewe zinafuata, ila tairi zinakanyaga theluji kwanza. Akiwa na mgongo mbovu afikirie hizo.

SWALI: Fundi, slasha yangu mpya nikiiinua juu shafti inagonga kha kha kha, muuzaji ati itazoea. Ni kweli?
Msomaji, Mambrui

JIBU: Haitazoea, itakuvunjia giaboksi. Shafti ni ndefu kwa trekta lako, mikono ikipanda bomba la ndani linafika mwisho na kusukuma PTO. Zima injini, inua na shusha pole uone wapi mikono inapokuwa karibu zaidi, weka vipande viwili vya shafti ubavuni ubavuni utie alama, kata bomba zote mbili na kava zake kwa kipimo kimoja, piga tupa, paka grisi. Acha zishikane walau theluthi moja, ukikata sana itachomoka ikiwa inazunguka.