Kidonge Kile Kile, Ini Tofauti

Isoniazidi imetumika kutibu kifua kikuu tangu 1952, na haikuchukua muda mrefu madaktari kugundua kwamba wagonjwa wanaomeza dozi sawa hawabaki na dawa sawa mwilini. Kwa baadhi yao nusu ya dawa huondoka kwenye damu kwa takriban saa moja. Kwa wengine ni saa tatu hivi. Mimi ni wa kundi la pili, na miguu yangu iliniambia kabla ya kipimo chochote.

Ganzi ilianzia kwenye vidole vya miguu, ikashuka nyayoni, kisha ikageuka kuwa moto. Usiku sikuvumilia hata shuka kugusa miguu. Baadaye vidole vya mikono navyo vikaanza kuchomachoma, nikawa nafunga vifungo vya shati kwa kuvitazama. Niliyekuwa natibiwa naye wakati mmoja, kwa dawa zile zile, hakuhisi lolote.

Tofauti yetu iko kwenye kimeng'enya kinachoitwa NAT2, kinachofanya kazi hasa kwenye ini na utumbo. Hubandika kipande kidogo cha kemikali, asetili, kwenye dawa na sumu fulani ili mwili uweze kuzitoa. Jeni yake iko kwenye kromosomu ya 8, na kila mtu hurithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Ukipata mbili za polepole, dawa inakaa. Wala si ugonjwa: katika jamii nyingi za Afrika na Ulaya karibu nusu ya watu wako hivyo, ilhali Japani ni kama mmoja kati ya kumi.

Isoniazidi ikikaa sana huunyima mwili vitamini B6, ambayo mishipa ya fahamu inaihitaji. Kwa hiyo ukiandikiwa dawa hii, ulizia B6 siku hiyo hiyo, usingoje ganzi, hasa kama una kisukari, unaishi na VVU, una mimba au unakunywa pombe. Dozi ya kinga kwa kawaida ni miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Usijizidishie, maana B6 nyingi mno nayo huumiza mishipa hiyo hiyo. Na usiache dawa ya kifua kikuu kwa uamuzi wako, hata miguu iwake vipi. Mimi niliongezewa B6 nikaendelea na matibabu, na moto ukapungua taratibu.

Ini ndilo la kuangaliwa zaidi, kwa sababu wenye NAT2 ya polepole wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuumizwa ini na isoniazidi. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukikolea rangi, au hamu ya kula ikikata pamoja na kichefuchefu, rudi kliniki siku hiyo hiyo.

Dawa nyingine nazo zinahusika. Haidralazini ya shinikizo la damu inaweza kuleta maumivu ya viungo yanayofanana na ya lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, na huwapata zaidi watu wa aina yangu. Moshi wa sigara nao una kemikali ambazo NAT2 husaidia kuzimaliza, ndiyo maana mvutaji mwenye kimeng'enya cha polepole ana hatari zaidi ya saratani ya kibofu. Kama unatafuta sababu ya kuacha, hiyo inatosha.

Nimeshauriwa pia vinywaji vya "kusafisha ini". Jeni haisafishwi na juisi, jamani. Fedha hiyo ni heri ulipie kipimo cha utendaji wa ini.

Kilichonisaidia zaidi ni kuuliza nyumbani. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huweza kurithi nakala zile zile, kwa hiyo aliyewahi kusumbuliwa na isoniazidi awaambie wenzake, nao wamwambie daktari. Wanangu wote wana nakala moja ya polepole kutoka kwangu. Ya pili inategemea mama yao, naye hajapima.