Udaktari wa nje: anza kuhesabu kutoka kwenye leseni

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, simu yangu haitulii. Mara shangazi wa mtu, mara jirani yetu wa zamani wa Tabata, mara mzee anayesali msikiti mmoja na baba. Habari ni ileile: kijana kasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), udaktari Muhimbili kakosa, kuna wakala anasema China nafasi ipo, tulipe? Mwaka mwingine ni Urusi, mwingine India au Georgia. Wananipigia mimi kwa sababu nilisomea China, nikarudi, na sasa natibu watu hapahapa Dar. Kwao mimi ndiye ushahidi kwamba inawezekana.

Ushahidi huo una kasoro. Waliokwama hawapigiwi simu. Nilisoma na Watanzania walioishia njiani ada ilipokata, wengine wakahamia kozi nyepesi, na wapo waliomaliza kabisa lakini leo wanauza vipodozi huku cheti kiko kabatini. Hao hawaalikwi kwenye semina za mawakala. Kwa hiyo nisomeni mkijua kwamba mwandishi ni mtu ambaye mambo yalimnyookea.

Mzazi akishamaliza kueleza, mimi humuuliza: kijana anataka kutibu watu wa wapi? Wengi hunyamaza kidogo. Walishafikiria nchi ya kusomea, bei ya tiketi, hata makoti ya baridi, lakini hilo bado. Mtu aliyesomea biashara nje akirudi, mwajiri anaweza kumsikiliza nusu saa akampa kazi. Daktari hapokelewi hivyo. Bila usajili, shahada yake haimpi ruhusa ya kumgusa mgonjwa, na usajili hutolewa na kila nchi kwa masharti yake. Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye leseni, irudi nyuma mpaka kwenye chuo. Mawakala huanzia kwenye chuo, na wengi huishia kwenye viza.

Kwa atakayefanya kazi Tanzania, njia iko hivi. Kabla ya kuondoka unaomba TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hati ya kutokuwa na pingamizi, ile ambayo watu wanaiita NOC. Ukimaliza, shahada yako inarudi kwao ili itambuliwe. Halafu unakwenda Baraza la Madaktari Tanganyika, ndio wanaosajili madaktari. Sisi tuliosoma nje hukalishwa mtihani kabla ya kuruhusiwa kuanza utarajali, yaani mafunzo ya kazi hospitalini. Ukifaulu, unafanya utarajali mwaka mzima, unazunguka wodi za upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto na uzazi, ndipo unafikiria usajili kamili. Wakala akikuambia kozi ni ya miaka sita, wewe andika minane kwenye daftari lako. Kuna nyaraka za kutafsiri, kuna kusubiri, kuna kusoma upya kwa ajili ya mtihani, na muda wote huo kijana amekaa sebuleni kwenu anakula ugali na hana mshahara.

Sasa huo mtihani. Watu husema waliosoma nje wanafeli kwa sababu vyuo vyao ni vibovu. Vibovu vipo kweli. Lakini hata aliyesoma chuo kizuri anaweza kutoka jasho, na sababu yake ndiyo ningependa wazazi waielewe kuliko kitu kingine chochote kwenye makala hii.

Juni 2021 Shirika la Afya Duniani liliitangaza China kuwa nchi isiyo na malaria. Fikiria maana yake kwa mwanafunzi wa Kitanzania. Unasoma malaria kwenye kitabu, unajibu mtihani, unapata alama nzuri, na katika miaka yote ya wodini hakuna hata mtoto mmoja anayeletwa akitetemeka, amepauka, mama yake amembeba mgongoni. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hivyohivyo. Hapa kwetu ni ugonjwa wa kila siku wodi ya watoto. Kule, kwenye hospitali niliyokuwa mimi, ulikuwa kama hadithi. Tulichokiona sana ni kiharusi, saratani, wazee wenye mapafu yaliyochoka. Ni elimu, sikatai, na mashine zao zinafungua macho. Ila hospitali zetu za Dar, Amana au Mwananyamala, usiku wa Jumamosi hawakuulizi kuhusu mashine. Wanakuletea mama mwenye kifafa cha mimba na wanataka kujua unaanza na nini.

Na kuna lugha. Programu inatangazwa kuwa ni ya Kiingereza, na darasani ni kweli, au karibu na kweli. Mgonjwa hajui Kiingereza. Bibi wa kijijini hata Kichina cha shuleni hakisemi, anasema cha kwao. Basi raundi inapita, mwalimu anaongea na mgonjwa dakika kumi, kisha anakugeukia na kukufupishia kwa maneno matano. Historia ya ugonjwa, ambayo ndiyo nusu ya udaktari, imekupita hivyo, umesimama nyuma na daftari. Vyuo vingi kule hudai ufikie ngazi ya nne ya mtihani wao wa lugha, HSK, na wapo wanaoichukulia kama kero ya kupita nayo. Waliojifunza Kichina kwa dhati ndio walioshika wagonjwa. Waliojifunza cha kununulia mboga walihitimu bila kuweka kanula, kile kimrija cha kwenye mshipa, kwa mkono wao zaidi ya mara za kuhesabika. Rafiki zangu waliosoma Muhimbili, Bugando au KCMC walikuwa wanaweka drip kwa vichanga usiku wa manane wakiwa bado wanafunzi.

Kilichoniokoa mimi ni likizo. Wenzangu walikuwa wanakwenda kutembea Guangzhou na kununua mzigo wa kuuza. Mimi nilirudi Dar kila hela ya tiketi iliporuhusu, nikaomba kujitolea hospitali ya wilaya, nikawa nafuata matabibu na manesi kama mkia. Nesi mmoja mtu mzima, Mungu ambariki, ndiye aliyenifundisha kupata mshipa wa mtoto aliyekaukiwa maji. Kama kijana wako ataondoka, tenga hela za hizo likizo tangu mwanzo. Zihesabu kuwa sehemu ya ada.

Kuhusu fedha kwenyewe, bei ya kwenye bango si uongo, ila ni ya mwaka mmoja na iko kwa dola au yuani. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,300. Kufikia katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Ada ya dola 4,000 ikawa imeongezeka zaidi ya shilingi milioni moja bila chuo kupandisha hata senti. Na mtakumbuka kuna miezi dola zenyewe hazikupatikana benki. Ongeza hosteli, bima, kibali cha ukaazi kinachohuishwa. Mkopo wa Bodi ya Mikopo usiuweke kwenye hesabu za safari ya kujilipia. Ikitokea mmepata ufadhili wa serikali, hayo ni mazungumzo mengine kabisa, na jibu langu hubadilika.

Kipimo changu ni hiki: kama familia haiwezi kulipa mwaka wa nne endapo baba atapoteza kazi mwaka wa tatu, kijana asiondoke. Udaktari wa nusu hauna soko, na kuhamisha alama za chuo cha nje kuja kuendelea hapa nyumbani si jambo la kutegemea.

Halafu yapo ambayo hayahesabiki. Machi 2020 China ilifunga mipaka, na wanafunzi waliokuwa likizo nyumbani hawakupewa tena viza mpaka Agosti 2022. Zaidi ya miaka miwili wanasoma anatomia kwenye simu, vifurushi vinaisha katikati ya kipindi. Februari 2022 vita ikaanza Ukraine, na Waafrika waliokuwa wakisomea udaktari huko wakajikuta wanatembea kwa miguu kuelekea mpakani kwenye baridi. Aprili 2023 ikawa zamu ya Khartoum, Watanzania wakarudishwa. Hakuna wakala ambaye angeweza kuyajua hayo. Lakini unaweza kukiuliza chuo swali moja kabla ya kulipa: mkifungwa, wanafunzi wenu wa mwaka wa tano wanamalizia wapi? Chuo makini kina jibu.

Wapo pia wenye ndugu Marekani wanaoambiwa wapeleke mtoto vyuo vya visiwa vya Karibi, kwamba huo ni mlango wa nyuma wa kuingia hospitali za kule. Vyuo hivyo vilijengwa hasa kwa ajili ya Wamarekani waliokosa nafasi kwao. St. George's ya Grenada, mkongwe wao, ilianza kufundisha 1977 na imetoa madaktari wengi wa kweli. Kawaida unasoma sayansi ya msingi kisiwani miaka miwili, kisha unazungushwa kwenye hospitali za Marekani au Uingereza. Njia hiyo ipo, ila nyembamba na ghali. Baada ya USMLE, mitihani ya leseni ya Marekani, bado unagombania nafasi ya mafunzo hospitalini, na kwa waliosoma nje ambao si raia wa Marekani, wanaopata ni karibu 6 katika kila 10 walioshindania. Hao wanne wanarudi na deni la dola. Mikopo ya serikali ya Marekani inayowabeba wenzao si ya kwetu. Vilevile, chuo kikijisifu kwamba wahitimu wake karibu wote wanapata nafasi, uliza waliingia wangapi mwaka wa kwanza. Wale waliochujwa katikati hawamo kwenye hiyo asilimia. Kwa familia ya kawaida ya Dar sioni hesabu inavyokaa, isipokuwa kijana ana uraia wa huko au ana mtu wa kulipa bila kukopa.

Basi naenda au siendi? Nasema hivi kwa anayeniuliza. Kijana akipata nafasi ya udaktari popote ndani ya nchi, iwe Dodoma, Mbeya, Mwanza au chuo binafsi hapahapa Mikocheni ambacho ada yake inauma, aichukue. Akiwa na ufadhili kamili wa chuo kinachotambulika, na yuko tayari kujifunza lugha ya wagonjwa kwa miaka miwili ya kwanza kama vile ndiyo kozi yenyewe, aende, nitamsindikiza airport. Katikati ya hapo ndipo penye utata, na hapo naangalia kijana kuliko chuo. Kuna mtoto ukimwacha peke yake ghorofa ya saba kwenye mji asioujua atasoma, na kuna mtoto atakayelala mpaka saa nane mchana. Mama mzazi anajua wake ni yupi, hata kama hapendi kusema mbele ya baba.

Na yule ambaye ufaulu wake haufikii vigezo vya hapa, lakini wakala anasema "huko hawaangalii sana"? Hapana. Hapo siongezi neno. Asije akamaliza miaka sita, ndipo aulizwe kwenye dirisha la ofisi aliingiaje. Huyo namwelekeza stashahada ya utabibu, miaka mitatu. Akitoka ni afisa tabibu mwenye kazi ya kufanya, na akiwa na alama nzuri anaomba udaktari kupitia mlango huo. Wazazi wa mjini huona ni kushuka hadhi. Mimi nimefanya kazi chini ya madaktari waliopita njia hiyo, na usiku wa zamu ngumu hao ndio niliotamani kuwa nao.

Mkishaamua kwenda, fanyeni ukachero wenu. Julai TCU huwa na maonesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja. Nendeni mkaulize uso kwa uso kuhusu NOC, msiridhike na maneno ya wakala kwamba "hiyo tutaishughulikia baadaye". Chuo kuonekana kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari kunathibitisha kwamba kipo. Ubora ni suala jingine. Kwa China, tazameni kama wizara yao ya elimu imekiruhusu kufundisha udaktari kwa Kiingereza kwa wageni. Ada ilipwe kwenye akaunti ya chuo chenyewe, risiti iwe na jina la kijana. Wakala analipwa kamisheni na chuo, si dhambi, lakini akikataa hilo la akaunti, kunyweni soda yake muondoke.

Mwombeni pia namba za Watanzania wawili waliomaliza chuo hicho na sasa wako utarajali hapa nchini. Akiwapa za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, msijisumbue kupiga. Hao bado wanapiga picha kwenye theluji.