Mwanangu, kuhusu kile kitabu cha sandukuni

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Uliniuliza kama mjukuu wangu apewe kusoma kile kitabu cha katuni ulichokikuta sandukuni siku ya Idi, maana ukurasa wa Kenya ulikuudhi: watu wanaomba mvua, na msichana mwenye nywele nyeupe anaabudiwa kama mungu. Jana baada ya Isha nimekisoma tena chote, polepole.

Ni Giant-Size X-Men namba 1, cha mwaka 1975. Babu yako, Mungu amrehemu, alipewa na baharia mmoja pale Kilindini akakileta nyumbani. Nilikuwa na miaka 11, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga. X-Men walikuwa wameanza 1963, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby: vijana watano waliozaliwa na uwezo wa ajabu, wanaochukiwa na watu walewale wanaowalinda. Wote watano Wamarekani weupe. Mauzo yakadorora, na tangu 1970 zikawa zinachapishwa hadithi zao za zamani tu. Ndipo Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakaunda kikosi kipya. Katika hadithi, wale X-Men wa kwanza, wanafunzi wa Profesa Xavier, wamenaswa kwenye kisiwa cha Krakoa, naye anazunguka dunia kutafuta wa kuwaokoa: Mjerumani, Mkanada, Mjapani, Muapache, kijana wa Siberia, na Ororo kutoka Kenya, yule msichana wa nywele nyeupe.

Hapo ndipo unielewe babako. Katika vitabu vyote nilivyokuwa nimevishika, Mwafrika alikuwa mbeba mizigo au mtu wa kuokolewa. Hiki kilikuwa cha kwanza ambamo mtu wa kwetu anafuatwa ili akaokoe wengine. Neno Kenya nililigusa kwa kidole, nikamwita ami yako aje alione.

Lakini uliyoyaona wewe ni kweli, na mimi sikuyaona. Linganisha na kurasa za Siberia. Kule kuna shamba la ushirika, kuna trekta linaloelekea kumponda mtoto, na kaka yake anageuka chuma na kulizuia kwa mwili wake. Huyo ni Mrusi, tena enzi za uhasama baina ya nchi yake na Marekani, lakini amepewa kazi, dada na wazazi. Ororo hakupewa hata jirani mwenye jina. Kenya ilikuwa na takriban miaka 12 ya uhuru, na wao wakatuchorea uwanda, ngoma na watu waliopiga magoti. Chris Claremont, aliyeendeleza hadithi hizo, alimpa mama Mkenya baadaye, binti wa kifalme aitwaye N'Daré, jina ambalo katika maisha yangu yote sijalisikia kwa kabila lolote la kwetu.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Xavier anamwambia Ororo kwamba yeye si mungu, na kwamba huko aendako watu huenda wakamchukia, lakini wanamhitaji. Anakubali, anaondoka. Ami yako alisema ni mjinga kuacha kuabudiwa. Mimi nikasema ni shujaa, tukagombana mpaka nyanyako akatufukuza barazani. Jana ndipo nilipogundua kwamba sote wawili hatukuwafikiria wale waliobaki. Walikuja kuomba mvua kwa sababu mashamba yamekauka. Mleta mvua kachukuliwa, na hakuna picha hata moja inayorudi kutazama wanaishije.

Basi mpe asome, ila ukae naye. Anzeni na trekta, atalipenda. Mkifika Kenya mwulize kile kijiji kinaitwaje, na mvua sasa wanaletewa na nani. Usimjibu wewe, mwache atafute.

Na kifungulieni juu ya meza, pini zimeshika kutu na karatasi inakatika upesi. Ile alama ya duara kwenye ukurasa wa Siberia msijaribu kuifuta. Ni ya kikombe cha nyanyako.

Babako