Ukipanda juu na besi, piga hodi

Mapenzi yangu na noti za juu za gitaa la besi yaliletwa na giza. Umeme ukikatika Mji Mkongwe spika inanyamaza, na besi bila spika ni bubu: uzi wa E, ule mnene kuliko wote, ukiupiga husikii kitu, unahisi mtikisiko tu tumboni. Lakini ukipanda shingo mpaka ukaipita freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote, unalia vizuri hata kwenye giza. Basi mie ujanani nikawa nafanya mazoezi yangu huko huko juu, usiku baada ya usiku, mpaka nikajiona fundi.

Ufundi huo nikaupeleka harusini. Kibao kimekolea, kina mama wamenyanyuka na noti zao mkononi kwenda kumtunza mwimbaji (noti za pesa, hizo ndizo zinazotulisha), na mwimbaji mwenyewe yuko katikati ya ubeti. Nikaona hapa ndipo pangu. Nikapanda. Hakuna aliyekosea; dumbaki ipo, kinanda kipo, lakini chini pakabaki patupu, kama watu wamekaa mkekani na mtu akauvuta. Bibi mmoja aliyekuwa anakuja kwa maringo akasita njiani, akatazama huku na huku kama aliyesahau alichofuata.

Baada ya shughuli ami mmoja, aliyezeekea kwenye besi kubwa ya kusimama, akaniita pembeni. Hakunigombeza. "Mwanangu," akasema, "huko juu kuna wenyewe. Unaingiaje nyumba ya watu bila hodi?"

Nilichukua muda kumwelewa. Uzi wa E ukiachwa wazi, bila kubanwa, hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na chini huko mpiga besi hana jirani. Uzi wa G ukiwa wazi ni mara 98. Ukiubana freti ya 12 ni 196, na hiyo ni noti ileile ya uzi wa chini kabisa wa fidla. Ukifika freti ya 20 umekaribia 311. Sasa hesabu nani anaishi hapo: mwimbaji wa kiume, udi, mkono wa kulia wa kinanda, akodiani. Wote wamekuja na maneno yao. Ukijitupa katikati yao utamziba mwenye ubeti, na nyuma yako umeacha mlango wa chini wazi.

Hodi yenyewe inapigwaje? Kwanza, msubiri mwimbaji avute pumzi. Kati ya mwisho wa ubeti na kiitikio kuna kanafasi, na mara nyingi noti nne tano za juu zinatosha. Halafu unashuka ili noti ya kwanza ya kiitikio ikukute chini. Pili, zungumza na mpiga kinanda kabla ya onyesho. Mie humwambia tu, "Nikikutazama, shika chini," na mkono wake wa kushoto unanilindia nyumba. Asipoitikia kwa macho, sipandi.

Njia nyingine ni kutumia uzi ulio wazi. Kibao kikiwa katika A, piga uzi wa A wazi, uache ulie, kisha panda kwenye uzi wa G: freti ya 17 ni C, inakupa maina, ile ladha ya huzuni, ya 18 ni C shapu, inakupa meja, ile ya furaha. Chini kuna mtu na juu kuna mtu, na wote ni wewe. Jaribu polepole, usikie zile noti mbili zinavyoachana kwa umbali mzuri. Ukizipiga hizo hizo karibu karibu, huko chini kabisa ya shingo, zitanguruma kama lori.

Mikono nayo ina mambo yake. Freti ya kwanza ya besi ya kawaida, yenye uzi wa inchi 34, ina upana wa karibu sentimita 5; ukivuka ya 12 upana huo umebaki nusu. Vidole vilivyozoea kutanuka vinasongamana. Mie huko juu natumia vitatu tu, na kidole nakiweka nyuma kabisa ya chuma, kikikaribia kukigusa. Dole gumba lisigande nyuma ya shingo; mwili wa gitaa utalizuia, mkono utapinda na kesho utauma. Liache liteleze mpaka ukingoni.

Mkono wa kulia watu wengi wanausahau. Uzi umefupika, kwa hiyo pale ulipozoea kupiga sasa pamekuwa karibu zaidi na katikati ya uzi uliobaki, na sauti inakuwa butu. Sogea kidogo kuelekea daraja, pale nyuzi zinapoishia mwilini mwa gitaa, itang'aa. Na nyuzi za chini zizimwe. Dole gumba la kulia lilalie E, au lishuke mpaka A, maana ukiziacha zitaungurumia kila unachopiga huko juu na mtu wa sauti atakulaumu wewe, kwa haki.

Kuna jambo moja la taarabu ambalo masomo ya besi ya kwenye intaneti huwa hayagusi. Makamu (ule mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu) ya Bayati ikianzia D inataka noti iliyo katikati ya E flati na E. Freti hazina noti hiyo. Besi za kusimama za taarabu asilia, kama za kikundi cha Culture Musical Club cha Zanzibar, hazina freti, kwa hiyo kidole kinaiendea tu. Sisi wa gitaa tuna ujanja mdogo: uzi wa D, freti ya 13, ni E flati, ubane, kisha uvute pembeni kidogo ili sauti ipande robo toni. Huko juu uzi unakubali kuvutika. Kwenye freti ya kwanza utahangaika bure. Sikiliza fidla ikupe kipimo. Ikikushinda, iache noti hiyo kwa fidla, upige D yako na utulie.

Kabla ya yote hayo, kagua gitaa lenyewe. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, usikie ile sauti ya kengele. Kisha ubane palepale. Noti ya pili ikiwa juu kuliko ya kwanza, kirudishe nyuma kile kipande cha uzi huo kwenye daraja. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Hapa kwetu unyevu wa masika hupindisha shingo, kwa hiyo mie hukagua kila mvua zikianza na kila zikiisha.

Na chumvi ya bahari inakula nyuzi. Uzi wenye kutu chini utakusitiri, juu utakuaibisha. Futa kila ukimaliza kupiga, kwa kitambaa kikavu cha pamba. Kipande cha kanga kuukuu hakina mfano. Changu kimekaa ndani ya mfuko wa gitaa mwaka wa tatu sasa, na mwenye kanga bado anaitafuta.