Makundi hatarishi, au makundi yaliyo hatarini?

Msomaji wetu wa Nairobi, ambaye kazi yake ni kuwafasiria wakazi wa mitaa ya mabanda ripoti za utafiti wa afya, ameandika: "Wenzangu wanataka nitumie 'makundi hatarishi'. Sikio langu linakataa, ila hoja sina. Nisaidie na sentensi hii, ambayo tarakimu zake nimezitunga kwa mfano tu: 'Watoto wa mabandani ni kundi hatarishi, wana hatari ya kuugua kuhara mara mbili zaidi, na kisababishi ni kuishi mabandani.'"

Sikio lako ni zima, ndugu yangu, na hoja ipo. Neno "hatarishi" limetoka kwenye kitenzi "hatarisha", yaani kumtia mtu au kitu hatarini. Ile -i ya mwisho inamwonyesha mtendaji. Ugonjwa ambukizi ni ule unaoambukiza, na mbinu shirikishi ni ile inayoshirikisha watu. Kwa kanuni hiyohiyo, kundi hatarishi ni kundi linalohatarisha wengine. Mtoto wa miaka miwili anayekunywa maji ya mfereji uliopasuka anamhatarisha nani? Yeye ndiye anayehatarishwa. Kilicho hatarishi ni maji.

Niliwahi kuona kwenye ukuta wa kliniki karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: WAJAWAZITO NI KUNDI HATARISHI. Chini yake benchi zima lilikuwa limejaa wajawazito wakisubiri kupimwa presha. Aliyeiandika alikuwa na nia ya kuwalinda, sina shaka, lakini karatasi yake iliwashtaki. Watu wanaoishi na VVU wameubeba mzigo wa neno hili kwa miaka mingi, na unyanyapaa haukuhitaji msaada wa sarufi. Kwa hiyo andika "makundi yaliyo hatarini" au "walio katika mazingira hatarishi". Hapo hatari inabaki kwenye mazingira, inakostahili.

Angalia pia kiunganishi kidogo cha -a. "Ugonjwa hatari" ni ugonjwa mbaya, unaoweza kuua. "Hatari ya ugonjwa" ni uwezekano wa kuupata, hata kama ni mafua tu. Na ukitaka neno lisiloegemea upande, "uwezekano" linatosha: tunasema uwezekano wa kufa na uwezekano wa kupona, lakini hakuna Mswahili atakayesema "hatari ya kupona".

Sasa kwenye "kisababishi", ambako ndiko penye kazi kubwa. Mji wako unaijua habari hii kuliko miji mingi. Kuanzia 2002, kwa miaka mingi, watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya chenye makao yake Nairobi, walizifuatilia kaya za mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani: nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea kifo, wahoji waliwauliza wafiwa dalili alizokuwa nazo marehemu, ili chanzo cha kifo kikadiriwe. Mfiwa akijibu "alikuwa na kifua", mhoji asiandike haraka. Ni kikohozi? Ni kubanwa pumzi? Ni maumivu? Kila jibu linakipeleka kifo kile kwenye safu nyingine ya jedwali, na jedwali ndilo linaloilisha modeli, yaani hesabu ya kitakwimu inayopima uhusiano kati ya mambo mengi kwa pamoja.

Modeli yenyewe huchukua umri, kipato, maji, choo na umbali wa kituo cha afya kwa pamoja, kisha hukadiria kila kimoja kinaendana na ongezeko gani la ugonjwa, vingine vikibaki vilevile. Hayo maneno matatu, "vingine vikibaki vilevile", nakuomba uyahifadhi. Yanaeleza vizuri kuliko istilahi nyingi. Ila kuendana si kusababisha. Ukiandika "kisababishi" umetoa hukumu. Ukiandika "kihatarishi" umesema tu kwamba palipo na jambo hili ugonjwa huonekana zaidi, na hivyo ndivyo neno hilo linavyotumika siku hizi kwenye taarifa za afya. Vitenzi "huambatana na" na "huendana na" vitakufaa kila mara data zinapoishia kwenye uhusiano. Tena, "kuishi mabandani" ni fungu lililofichwa ndani yake maji, moshi, msongamano na umbali. Lifungue, msomaji wako ajue cha kudai kwa diwani wake.

Kuhusu "mara mbili zaidi", liache. Ikiwa mitaa mingine wanaugua 10 katika kila 100, kuna atakayesoma 20 na kuna atakayesoma 30. Sema "mara mbili ya", na utaje idadi yenyewe, kwa sababu mara mbili ya kidogo sana bado ni kidogo.

Sentensi yako, kwa tarakimu zako za kutunga, ningeiandika hivi: "Watoto wa mabandani wako hatarini zaidi kuugua kuhara: waliugua 20 kati ya kila 100, mara mbili ya watoto wa mitaa mingine, walikougua 10 kati ya kila 100. Ongezeko hilo liliambatana zaidi na maji yasiyo salama, mambo mengine yakibaki vilevile."