Nyumba moja, wapangaji wanne: hati na shimo la choo kwanza

SWALI: Nina nyumba ya vyumba 7, ya tofali za kuchoma, hapa Soweto, Mbeya. Wanangu wameshatoka, nataka niigawe ziwe apatimenti 4 za kupangisha, kila moja na jiko na choo chake ndani. Fundi anasema kibali hakihitajiki kwa kuwa kuta za nje hatuzigusi. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, mama. Unaongeza vyoo, unahamisha kuta na unaleta familia nne palipokuwa na moja, kwa hiyo kibali cha ujenzi cha halmashauri unakihitaji. Ukianza bila hicho, kazi inaweza kusimamishwa na ukuta kupigwa X, na hasara ni yako, si ya fundi.

Kabla hujamlipa mchoraji, toa hati yako na usome masharti, hasa yanayotaja matumizi ya kiwanja. Yasiporuhusu nyumba za aina hiyo, itabidi uombe kwanza mabadiliko ya matumizi kwa afisa mipango miji, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Wengi hukimbilia ramani, kisha inakwama kwa sababu ya hati. Matumizi yakiwa sawa, ramani ichorwe na mbunifu aliyesajiliwa, ioneshe nyumba ilivyo sasa na itakavyokuwa, pamoja na mfumo wa maji taka. Ambatisha nakala ya hati na risiti za pango la ardhi.

Halafu pima ukuta wenyewe. Chukua msumari wa inchi 4, ukwangue kiungo kati ya tofali mbili. Likitoka vumbi jekundu la udongo badala ya mchanga mgumu wa saruji, usifikirie ghorofa juu ya ukuta huo, na usitoboe mlango mpya kabla mhandisi hajauona na linta (boriti ya kubeba ukuta juu ya mlango) haijapangwa. Ukuta wa namna hiyo hufungua ufa kuanzia kona ya mlango.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni shimo la choo, maana lililopo lilichimbwa kwa familia moja. Chukulia watu 16, kila mmoja lita 100 kwa siku: ni lita 1,600. Maji yanahitaji kutulia siku 2, yaani lita 3,200. Ongeza nafasi ya tope, kama lita 40 kwa mtu kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni lita 1,920. Kwa hiyo tenki la maji taka lisipungue mita za ujazo 5.2, na chumba chake cha kwanza kichukue theluthi mbili. Mabomba ya kuingilia na kutokea yafungwe kiungo cha umbo la T ndani ya tenki. Kisipokuwepo, mafuta ya jikoni huelea, hupita mpaka shimo la kunyonyea (linalopokea maji ya tenki yazame ardhini) na kuziba udongo, na ikifika masika chemba hutapika uani. Shimo hilo likae angalau mita 30 kutoka kisima chochote, cha jirani pia. Afisa afya ataliangalia, na ni haki yake.

Umeme nao una hesabu yake, kwa baridi yetu ya Juni na Julai. Kila mpangaji atataka hita ya kuogea. Hita ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 24: waya wake uwe wa milimita 4 za mraba, breka ampea 32, na waya wa ethi usiachwe. Hita nne zikiwashwa alfajiri kwa pamoja ni ampea 96, hivyo zungumza na TANESCO mapema kuhusu fezi tatu, na omba mita ya LUKU kwa kila apatimenti. Mita moja ya kuchangia italeta ugomvi kila wiki.

SWALI: Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU. Nikiwa na mita 4, itakatwa mara 4?

JIBU: Isikatwe hivyo. Jengo ni moja. Peleka namba za mita zote kwa mamlaka inayosimamia kodi hiyo, uombe ibaki inakatwa kwenye moja tu, na mpangaji wa mita hiyo umrudishie kwenye kodi yake ya pango, kwa sababu mdaiwa ni mwenye nyumba.