Barua kwa mwanangu: kabla hujafungua chuo cha marubani wa droni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu swali lako si la kujibiwa kwenye simu. Unasema umekaa miaka minne ukirushia droni kampuni ya upimaji ardhi, leseni unayo, akiba kidogo umeweka, na haipiti wiki bila kijana kukuomba umfundishe. Unauliza kama uache kazi na kufungua chuo cha marubani wa droni sasa hivi, wakati sekta hii inakua katika kanda yetu, au usubiri kwanza. Mimi droni sijawahi kuirusha, lakini nimefundisha udereva kwa miaka ishirini na sita, na yale niliyojifunza kuhusu kumkabidhi mtu chombo kinachoweza kumdhuru yeye na wenzake nitakueleza bila kukuficha.

Jibu langu ni kwamba ufungue. Ila kabla ya kuhesabu vijana wanaotaka kujifunza, hesabu kwanza kazi zitakazowapokea wakishamaliza, kisha upokee wanafunzi kwa kadiri ya kazi hizo. Nakumbuka miaka ambayo magari yaliongezeka kwa kasi na shule za udereva zikafunguliwa kila upande. Wanafunzi walijaa, ada ikaingia, nasi wenye shule tukadhani biashara ni wanafunzi. Baada ya muda wahitimu walirudi majumbani na vyeti bila ajira, wakawaambia wadogo zao kwamba cheti kile hakilipi, na shule nyingi zikafungwa ilhali magari barabarani yakiendelea kuongezeka. Sekta ilikua kweli, lakini haikukua mahali tulipokuwa tumekaa kuisubiri.

Naona hatari hiyohiyo kwako. Kila kijana anayekufuata ataitaja Rwanda, na ana haki ya kuitaja. Tangu Oktoba 2016 kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani, ikianzia kituo cha Muhanga, ambako ndege hurushwa kwa manati na kudondosha mzigo kwa mwavuli bila kutua hospitalini. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini ndege zile hufuata njia iliyopangwa kwenye kompyuta, na hakuna mtu anayeshika vijiti vya rimoti tangu zinapoondoka hadi zinaporudi. Wanaohitajika pale ni watu wa kukagua ndege, kufunga mizigo, kutengeneza kilichoharibika na kufuatilia safari kwenye skrini. Kijana aliyelipa ada yake yote ili ajifunze kushika vijiti, akaenda kuomba kazi mahali kama hapo, atakuwa amejifunza jambo ambalo mwajiri halihitaji sana.

Mfano wa Zanzibar uko karibu zaidi na kazi yako. Mwaka 2016 ulianza mradi wa kuchora ramani ya Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakafundishwa kuifanya kazi hiyo. Wewe unajua kuliko mimi kwamba katika kazi ya namna ile kurusha ni sehemu ndogo, na sehemu kubwa ni kuziunganisha picha maelfu kwa maelfu ziwe ramani moja inayokubaliana na vipimo vya ardhini. Malawi nako, UNICEF ilipoisaidia nchi hiyo kufungua chuo Lilongwe mnamo Januari 2020, chuo chenyewe kiliitwa cha droni na data. Nakuomba uitafakari sehemu ya pili ya jina hilo, kwa sababu ndiyo sehemu ambayo wateja hulipia. Mwenye shamba hanunui safari ya angani. Anataka kuambiwa ni eneo gani la zao lake limeanza kudhoofika. Mhandisi wa barabara anataka kujua ni kifusi kiasi gani kilichohamishwa tangu mwezi uliopita.

Sasa nije kwenye ratiba uliyoiambatanisha, ya siku tano, ambayo nimeiandikia pembeni kwa wino mwekundu; usichukie. Siku tatu ni darasani kwa ajili ya sheria na mtihani, siku mbili ni uwanjani, na picha zimepewa saa mbili za mwisho, wakati kila mtu anawaza cheti chake. Somo la mtihani ndilo litakalokosa thamani mapema kuliko yote. Marekani, tangu Agosti 2016, mtu hupata cheti cha kurusha droni kibiashara kwa kufaulu mtihani wa maswali 60 ya kuchagua majibu, bila mtahini yeyote kumtazama akirusha. Mtihani wa namna hiyo kijana mwenye bidii anaweza kujiandaa mwenyewe kwenye intaneti. Ukiuza maandalizi ya mtihani peke yake, utashindana na kitu kinachopatikana bure. Asichoweza kukipata peke yake ni uwanja, betri za kutosha, na mtu mwenye uzoefu aliyesimama nyuma ya bega lake.

Kuhusu betri, nilikaa nikapiga hesabu. Uliniambia droni yako ya mafunzo hukaa angani kama dakika 25, na kwamba unataka mwanafunzi atue betri ikiwa imebaki na asilimia 30. Maana yake ni kwamba kila betri inatoa kama dakika 17 na nusu za kujifunza. Ukiwa na betri sita, hizo ni dakika 105. Umeandika kwamba darasa litakuwa na wanafunzi wanane kwa droni moja, basi kila mmoja amepata dakika 13, na baada ya hapo mnasubiri betri zipoe ndipo zichajiwe, moja baada ya nyingine. Mimi sikumruhusu mwanafunzi aingie barabara kuu kabla ya saa kadhaa za kushika usukani, na gari hukanyaga ardhi muda wote. Kwa hiyo kabla ya kununua droni ya pili inayong'aa, nunua betri, chaja na jenereta ndogo, kisha uwashushe wanafunzi wawe wanne. Wale wanaosubiri zamu wasikae kivulini na simu zao. Mmoja awe mtazamaji wa anga, mwingine aandike kumbukumbu za safari, na wa tatu apakue picha za aliyetangulia na aseme mbele ya wenzake kama zinafaa au hazifai.

Lakini lililonifanya niamini kwamba unaweza kufundisha ni jambo nililoliona kwa macho yangu, nalo halimo kabisa kwenye ratiba yako. Ulipokuja mara ya mwisho tulikwenda wote uwanjani. Uliitandika ile turubai, ukaiweka droni juu yake, ukapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa propela moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayepapasa makali ya kisu. Kwenye propela ya tatu kidole kikasimama. Palikuwa na mkwaruzo ambao sikuuona mpaka ulipoigeuza kwenye mwanga. Ukaifungua, ukafunga nyingine bila kusema neno. Kisha ukairusha mpaka mita kama 60, ukatazama skrini kwa muda, ukaniambia, "Baba, huku chini majani yametulia, lakini kule juu upepo unaisukuma." Ukaishusha. Nami nilikuwa nimetoka nyumbani kwa hamu ya kuiona ikiruka, na ulijua hivyo, lakini siku hiyo hukuirusha tena.

Lifanye hilo liwe somo lenye siku yake. Mwanafunzi wako apelekwe uwanjani siku yenye upepo, aambiwe kwamba mteja amesimama pale anasubiri, na apewe alama kwa kukataa kurusha na kueleza sababu kwa adabu. Umpe propela nne, moja ikiwa na ufa, uone kama ataigundua. Umzimie msaada wa setilaiti akiwa mahali salama, ili ahisi droni inavyochukuliwa na upepo isipojishikilia yenyewe, na ajifunze kuirejesha kwa mkono.

Nasema haya kwa uchungu, mwanangu, kwa sababu niliwahi kumpitisha kijana mmoja kabla hajaiva. Alikuwa mwepesi wa kujifunza, familia yake ilikuwa imeshamtafutia kazi, na mimi nilikuwa na wanafunzi wengi wanaosubiri gari. Kwenye mteremko bado alikuwa anababaika, nami nilijua. Mwezi wa pili kazini alishindwa kulizuia gari mteremkoni na akamvunja mtu mguu. Hakuna aliyenishtaki, lakini nilimtembelea yule majeruhi mpaka alipoweza kutembea, na tangu siku hiyo hakuna aliyetoka kwenye shule yangu bila mimi mwenyewe kukaa kando yake. Wewe nawe usimwachie mwalimu uliyemwajiri uamuzi wa mwisho katika miaka ya mwanzo.

Kwa upande wa serikali, ifuate mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kukodi jengo. Chuo kinahitaji kibali chake, mbali na leseni yako, na watataka kuona miongozo ya maandishi, sifa za wakufunzi, bima, na uwanja uliokubaliwa. Ukianza kulipa kodi ya pango wakati faili liko mezani kwa watu, akiba yako itakwisha kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia. Kanuni zenyewe bado ni changa. Kenya, kwa mfano, ilipata kanuni zake za vyombo hivi mwaka 2020, na jirani huwa na taratibu zake. Kwa hiyo usimwahidi mwanafunzi kwamba cheti chako kitampa kazi katika kanda nzima. Mwambie wazi ni nchi ipi inakitambua, na kwamba akivuka mpaka atalazimika kuomba upya kwa wenye anga yao.

Ada usiipokee yote kwa mkupuo na kuitumia. Siku za mvua zitakuja, droni itaanguka, na mwanafunzi atakudai siku zake. Fedha ya mafunzo ambayo hayajatolewa bado ni yake.

Kazi yako usiiache mwezi huu. Omba likizo ya wiki mbili, uwatembelee waajiri kumi na wawili wa aina mbalimbali, wapimaji, wenye mashamba makubwa, wajenzi, watu wa nyaya za umeme na wa hifadhi, na kila mmoja umuulize kwamba mwaka uliopita alilipia kazi ya droni siku ngapi, nani aliifanya, na kitu gani hakikumridhisha. Andika majibu kama yalivyo, hata yale ya kukatisha tamaa, hasa hayo. Kisha uje nayo nyumbani tukae mezani tuandike ratiba upya. Madaftari yangu ya zamani ya wanafunzi nimeshayatoa sandukuni, utaona nilivyokuwa naandika maendeleo ya kila mmoja siku kwa siku. Tukiona kazi zinatosha kwa wahitimu kumi na wanne kwa mwaka, utaanza na kumi na wanne, na sehemu ya akiba yangu itakuwa pamoja na yako.

Mama yako anakusalimu sana. Ameuliza kama zile betri bado unazichajia chumbani unapolala, na ile iliyovimba umeipeleka wapi. Umjibu mwenyewe, tena mapema, kwa sababu ameniuliza mara mbili leo.

Wako akupendaye,
Baba